Fungu la Vijiti na Jembe la Shule

Kizazi kilichosoma shule za msingi za Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 kina kumbukumbu iliyojaa mikono. Kuna jembe lililotoka nyumbani alfajiri kwa kuwa siku hiyo ni siku ya shamba. Kuna ndoo ya maji, fagio la chelewa, samadi iliyobebwa kichwani. Kuna pia vile vijiti vya kuhesabia vya darasa la kwanza, vilivyokatwa urefu mmoja na kufungwa kumi kumi kwa ukambaa. Vyote viliwekwa chini ya jina moja, kujifunza kwa vitendo, na hadi leo tunapobishana kuhusu mitaala mipya tunalitumia jina hilo kana kwamba linataja kitu kimoja. Halitaji kitu kimoja. Vijiti viliacha hesabu kichwani. Jembe, kwa wengi waliolishika, liliacha sugu na hamu ya kuondoka kijijini. Mikono ilikuwa ileile, watoto walewale, na mara nyingi mwalimu yuleyule, kwa hiyo tofauti lazima itafutwe kwingine. Nitakalolitetea hapa ni hili: kitendo kinamfundisha mtoto pale anapokuwa amekwisha kutamka anachokitarajia, na kitu anachokishika kina nafasi ya kumkatalia. Yakikosekana hayo, mkono unaoshughulika darasani au shambani unafanya kibarua tu, na mitaala yetu imerudia kosa hilo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Chukua hesabu ya 42 kutoa 17. Mwalimu yeyote wa darasa la pili analijua jibu litakalojaa kwenye madaftari: 35. Watoto hao hawakubahatisha. Kwenye mamoja wameona 2 na 7, wakaona mbili haitoshi kutolewa saba, wakageuza wakatoa mbili kwenye saba, wakapata tano. Kwenye makumi wakatoa moja kwenye nne, wakapata tatu. Wana kanuni yao, na kanuni hiyo haivunjwi kwa alama ya kosa ya kalamu nyekundu. Haivunjwi pia na wimbo wa kuazima moja kwa jirani, kwa kuwa mtoto ataukariri wimbo bila kujua ni nini kimeazimwa wala kitarudishwa lini. Sasa mpe mafungu manne na vijiti viwili vilivyo huru. Kabla hajavigusa, mwulize vitabaki vingapi baada ya kutoa kumi na saba, naye aseme, ikiwezekana aandike: 35. Halafu atoe. Fungu moja linaondoka lote bila tatizo. Vinatakiwa saba zaidi, na mezani vilivyo huru ni viwili. Hapo darasa linanyamaza, na kimya hicho kina thamani kuliko mazoezi kumi ya ubaoni, maana vijiti vimekataa kufuata kanuni ya mtoto, na havibembelezeki. Mwishowe mmoja anafungua ukambaa. Fungu linakuwa vijiti kumi, pamoja na viwili ni kumi na viwili, saba vinatoka, vinabaki vitano, na mafungu yaliyobaki ni mawili. Jibu ni 25, na aliyelipata anaona kwa macho kwamba hakuna kilichoazimwa. (Neno kuazima, kwa kweli, ni uongo mdogo wa walimu, kumi limevunjwa kama noti inavyovunjwa dukani, na hakuna jirani anayedai.) Lakini vijiti hivyohivyo vinaweza kufa mkononi. Mwalimu akisema wote wainue vitano, wahesabu pamoja kwa sauti, wainue vitatu, wahesabu tena, darasa litapendeza kwa mkaguzi anayepita dirishani, ila hakuna aliyetarajia chochote na hakuna aliyekosea. Vijiti vimegeuka jembe.

Na jembe lenyewe halikuanza kama tunavyolikumbuka. Kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, alichokitoa Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, kinastahili kusomwa upya na wale wanaodhani kiliagiza watoto wakalime. Kilitaka shamba liwe sehemu ya masomo: matumizi ya mbolea yaelezwe darasani na mipaka yake ionekane shambani, njia za kuhifadhi udongo zifundishwe wakati zinapotumika, na wanafunzi washiriki katika kuamua, hata kuhusu mapato yatumikeje. Ndani ya mpango huo kulikuwa na maswali tele. Kilichofika shuleni kilikuwa shamba bila maswali. Mkuu wa shule aliulizwa kutoka juu amelima ekari ngapi na amevuna magunia mangapi, naye akayateremsha maswali hayohayo kwa watoto. Ilikuwa nadra mtoto kuulizwa kwa nini tuta la ukingoni limestawi kuliko la katikati. Ingetosha kugawa matuta mawili, moja litiwe samadi na jingine lisitiwe, watoto waseme mapema wanatarajia tofauti gani na baada ya siku ngapi, kisha wapime urefu wa mahindi kila Ijumaa na kuandika. Jembe lingekuwa lilelile, jasho lilelile, lakini shamba lingeongea. Badala yake, shule nyingi zilifikia hatua ya kulifanya shamba kuwa adhabu ya mchelewaji, na ukishamwadhibu mtu kwa kitu fulani huwezi tena kumwambia kwamba kitu hicho ndicho elimu yake.

Haraka ilichangia pia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisogeza mbele lengo la kumpeleka kila mtoto shuleni, na kufikia 1977 taifa lilikuwa linahitaji walimu kwa maelfu, wengi wao wakifunzwa huku tayari wanafundisha. Lilikuwa tendo la ujasiri, na sina haja ya kulibeza: bila hilo, wengi wanaoukosoa mpango huo leo wasingejua kusoma ukosoaji wao. Ila kuuliza swali zuri darasani ni ufundi mgumu kuliko kugawa majembe, na mwalimu aliyepewa miezi michache ya mafunzo alishika kilicho rahisi. Zilikuwapo shule za mfano, kama Kwamsisi mkoani Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako Chuo cha Ualimu Korogwe kilijaribu kuunganisha masomo na maisha ya kijiji. Shule ya mfano, hata hivyo, ina watu wanaoizunguka na kuiuliza kila wiki inaendaje. Shule ya kawaida ina mwalimu wa zamu na kengele.

Kenya ilipita njia nyingine ikafika karibu palepale. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, uliingiza kilimo, sayansi kimu, sanaa na kazi za mikono katika shule za msingi, na wazazi wakachangishana kwa harambee kujenga karakana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya aina hiyo yalikuwa yamepunguzwa au kuondolewa kwenye mtihani, kwa malalamiko ya mzigo na gharama. Ukaja mtaala wa umilisi, uliojaribiwa mwaka 2017 na kuanza rasmi nchini kote Januari 2019 kwa gredi za chini, na mara malalamiko yakarudi, safari hii jioni, mezani pa chakula: mzazi anakata picha za magazeti, anatafuta karatasi za manila, anatengeneza sanamu ya kuamia ndege ambayo mtoto ataibeba kesho. Sanamu hiyo imefanyiwa mzaha mwingi, nami nadhani mzaha umekosea shabaha. Sanamu ya kuamia ndege ni somo zuri mno la sayansi. Ndege wangapi hutua kwenye mtama saa mbili asubuhi kabla haijasimamishwa? Wangapi siku ya kwanza baada ya kusimamishwa? Wangapi siku ya tano, wanapokuwa wameizoea? Ikivishwa kitambaa kinachopepea inafaa zaidi, au rangi ndiyo inayowatisha? Mkulima yeyote wa mpunga anajua kwamba hayo ni maswali ya kweli, yanayogusa chakula. Lakini sanamu iliyotengenezwa na baba, ikapigwa picha na kutumwa kwa simu, imemaliza kazi yake bila kumwona ndege hata mmoja. Mtaala haukukosea kuitaka sanamu. Kosa limeingia pale kitu kilichotengenezwa kilipopewa alama na swali likaachwa nje ya ukurasa.

Je, kuna ushahidi kwamba swali likiwapo mambo hubadilika, au haya ni matumaini tu? Upo, na umo humu humu kwetu. Kuanzia mwaka 1965, nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania na Uganda zikiwamo, zilishiriki katika Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, uliosaidiwa na kituo cha elimu cha Massachusetts, Marekani. Mada zake zilitoka chini ya miguu ya mtoto: mchanga mkavu na mchanga mbichi, mbegu, rangi za kujitengenezea, na kile kidudu kinachochimba shimo la mviringo mchangani na kungoja sisimizi wateleze. Watoto wengi wa kijijini wamemchezea mdudu huyo. Mpango uliwataka wamwulize: atachimba kwenye mchanga mbichi? Akipewa mchanga mchanganyiko, punje kubwa atazifanya nini? Eleanor Duckworth, aliyesoma kwa mwanasaikolojia Jean Piaget mjini Geneva, alipewa kazi ya kuutathmini mpango huo nchini Kenya, na hakuwapa watoto mtihani wa karatasi. Aliwaweka kwenye chumba chenye vitu mbalimbali, vingine wanavyovijua na vingine vigeni, akaangalia wanavifanyia nini. Waliotoka kwenye madarasa ya mpango walibuni mambo mengi zaidi ya kufanya, na yaliyopangika zaidi, kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo, siwezi kuutwisha zaidi ya unachobeba. Hata hivyo, watoto aliowalinganisha wote walikuwa na mikono, na wote walikulia kwenye mchanga huohuo. Kilichowatofautisha ni muda waliokuwa wameutumia wakiviuliza vitu na kungoja jibu.

Pingamizi la kwanza, ambalo wasomi huliruka, ni la wazazi, nalo lina historia. Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu iliyolenga kilimo, afya na ufundi wa kijijini, kwa mfano uliotoka Hampton na Tuskegee, shule za Wamarekani weusi wa Kusini. Mwaka uliofuata Kabete, nchini Kenya, ikapata chuo cha Jeanes cha kuwafunza walimu kwa mwelekeo huo. Wazee wengi waliisoma nia haraka: mtoto wa Mzungu anasoma vitabu, wa kwetu anafundishwa kufyatua matofali. Walipodai vitabu na Kiingereza hawakuwa wajinga. Walikuwa wanahesabu ni mlango upi unaoelekea ofisini. Shaka hiyo haijafa, na kila waziri anayetangaza elimu ya vitendo anaiamsha bila kujua. Siwezi kumjibu mzazi huyo kwa kumwambia kazi ni utu. Ninachoweza kumwonyesha ni Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma, na baadaye akawapa watoto shanga zilizotungwa kumi kumi kwenye waya ili wajifunze makumi na mamoja. Shanga hizo na vile vijiti vyetu ni kitu kimoja. Leo matajiri wa Nairobi na Dar es Salaam wanalipia ada nene ili watoto wao wazishike shanga hizo. Elimu ya mkono inayodumaza ni ile isiyoelekea kwenye fikra. Ile nyingine wenye nacho wamekwisha kuinunua.

Pingamizi la walimu ni zito zaidi. Kenya ilipofuta ada Januari 2003, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Tanzania ilikuwa imekwisha kupita mafuriko yake baada ya kufuta ada mwaka 2001. Mwalimu mwenye watoto 90 na madawati ya watoto 40 akisikia habari za vitendo anacheka, na ana haki. Hawezi kuyaona mafungu ya kila mtoto. Ila sehemu ya kitendo inayofundisha zaidi haihitaji vifaa vingi. Beseni moja la maji likae mbele, pamoja na nazi, msumari na bonge la udongo wa mfinyanzi. Kabla ya chochote kutumbukizwa, watoto 90 wanainua mikono: nani anasema nazi itazama? Nani anasema itaelea? Hesabu inaandikwa ubaoni. Nazi nzito inaelea, msumari mwepesi unazama, na tayari kanuni ya uzito iliyokuwa vichwani mwao imetikisika. Bonge la udongo linazama. Sasa udongo uleule unafinyangwa mfano wa ngalawa, na kabla haujawekwa majini mikono inainuliwa tena. Wingi wa watoto, katika dakika hiyo, una faida, kwa kuwa utapata wapinzani wa kutosha pande zote mbili, na hakuna anayekaa kimya akiwa ameweka kura yake. Hayo hayaondoi haja ya madarasa na walimu zaidi, na serikali isiyaone kama kisingizio. Nasema tu kwamba mwalimu mwenye vitendo sita vya namna hiyo kwa muhula ana vingi kuliko mwenye kabati la vifaa lililofungwa kwa kufuli ili visipotee. Na lugha inayoeleweka inasaidia hapa kuliko kifaa chochote: kubisha kuhusu nazi kunahitaji lugha ambayo mtoto anaweza kukosea ndani yake bila aibu, na kwenye jambo hili shule ya kijijini inayofundisha kwa Kiswahili ina utajiri ambao jirani yake ya ada kubwa imeutupa.

Wapo watakaosema haya yote ni anasa mbele ya mtoto asiyejua kusoma. Tathmini za mpango wa Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kuwa nchini Tanzania takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na mwaka 2015 serikali ikaelekeza mtaala wa darasa la kwanza na la pili kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilifanya vyema. Herufi hazigunduliwi, hakuna mtoto atakayeivumbua silabi kwa kuchezea mchanga, na ni heri afundishwe moja kwa moja, kwa kurudiarudia, hata kwa kuimba. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark waliandika makala ambayo ilizua ubishi mkubwa, wakidai kwamba kumwachia mwanafunzi mchanga agundue mwenyewe bila mwongozo hakufanyi kazi, kwa kuwa akili inazidiwa na mengi kwa wakati mmoja. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, na sioni wakinipinga. Mwalimu wa vijiti hakumwachia mtoto chochote: alichagua 42 na 17 makusudi, akajua kosa litakapotokea, akalitega. Huo ni mwongozo mkali kuliko wa mwalimu anayesoma kitabu kwa sauti. Wanaostahili kuogopa makala hiyo ni wale wanaogawa manila na gundi, kisha wanakaa kwenye kiti kusahihisha madaftari ya somo jingine.

Linabaki suala la mtihani, na hapa sina maneno ya kumfariji mtu. Mtoto na mwalimu wataelekea kwenye kile kinachopimwa, na darasa la saba la Tanzania, tangu mwaka 2012 majibu yalipoanza kusomwa kwa mashine, limejifunza kushedi. Hata hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Wengi wanahitimisha kuwa mtihani wa namna hiyo hauwezi kamwe kuthamini kujifunza kwa vitendo, kwa hiyo tuufute kwanza ndipo tuanze. Kuungoja ufutwe ni kungoja sana. Swali la kuchagua linaweza kutungwa ili aliyekariri akwame. Zoezi la kuotesha maharage liko karibu kila kitabu cha sayansi: makopo mawili, mbegu, maji. Watoto wengi huamini mbegu haioti bila mwanga, na mwalimu anayeuliza kwanza ataona mikono mingi upande huo. Kopo moja linakaa dirishani, jingine linafungiwa kabatini. Siku chache baadaye kabati linafunguliwa na mche umo, tena ni mrefu kuliko ule wa dirishani, mwembamba, wa rangi ya manjano, umelala kama unaotafuta mlango. Sasa chora miche hiyo miwili kwenye karatasi ya mtihani na uulize ni upi uliokaa gizani. Aliyekariri kwamba mimea huhitaji mwanga ili kukua atauchagua mche mfupi, na atauchagua kwa kujiamini. Aliyefungua kabati hatasita. Karatasi ni ileile ya kushedi, na mashine itaisoma bila kuongezewa chochote.